Ukoko wa Maji na Mtambo wa Kahawa Uliofufuliwa Kitui

Hakuna nyumba ya Pwani isiyoujua ukoko, na ukoko ni wa namna mbili. Wa kwanza ni ule wa wali, ambao watoto huugombania na mama akaugawa kwa mwiko. Wa pili hauliwi wala haugombaniwi. Ni ule mweupe, mgumu, unaoganda ndani ya birika la chai, na ukikwanguliwa hutoka vipande vipande kama ganda la yai. Wa kwanza huletwa na moto uliozidi. Wa pili huletwa na maji yenyewe, tena huja polepole hata mwenye chombo akadhani kuwa haupo. Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba, lakini hawakusema kuwa kibaba hicho hujaa kheri peke yake.

Yaliyonifanya nishike kalamu juu ya ukoko huu wa pili ni mtambo mmoja wa kahawa wa Kiitalia, mkongwe, wa mikono miwili ya kuvuta, ambao ukoko ulitaka kuuzika ukiwa mzima. Mtambo huo ulitoka Malindi. Msomaji anajua kuwa Waitalia wameizoea Malindi tangu miaka ya 1960, walipoanzisha kituo chao cha kurushia roketi cha San Marco huko Ngomeni, kisha wakafuata watalii, wenye majumba na wenye mahoteli. Palipo Mwitalia pana kahawa, na palipo kahawa yake pana mtambo wa kuitengenezea. Mahoteli mengine yakafungwa, vyombo vyake vikauzwa, na katika mauzo ya namna hiyo mpwa wangu, binti wa dada yangu, akaununua huu.

Mpwa wangu ameolewa Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, na ana mkahawa mdogo karibu na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Wasafiri hushuka pale kunyoosha miguu, kusali na kunywa kitu cha moto. Alitaka kuwauzia kahawa ya espreso, ile nzito yenye povu la hudhurungi juu yake, na akiba yake ya miaka mitatu ikaingia katika mtambo ule. Ulipofika na kuwashwa, ulinguruma kama paka mwenye kifua, ukatoa maji matone mawili matatu, kisha ukanyamaza. Mnunuzi wa vyuma chakavu akapita, akaugonga kwa kucha, akasema shaba iliyomo ataichukua kwa kupima kilo, na kwamba Jumatatu atarudi na gari. Hapo ndipo binti yule aliponipigia simu.

"Mjomba," akaniambia, "wewe una watu kila mahali. Hakuna fundi aliye hai wa kitu hiki?"

Yuko, tena hakuwa mbali. Lakini kabla sijamfikisha msomaji kwa fundi, ni haki aujue mtambo wenyewe, maana nasaba yake inatugusa sisi watu wa mwambao.

Kahawa ni kinywaji kilicholelewa mikononi mwa Waislamu. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa ili wakeshe katika dhikiri. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, na marufuku hayo hayakudumu. Bandari ya Mokha ikaisafirisha, na katika karne ya 17 ikashika mizizi Venezia. Sisi huku tukaipika kwa dele juu ya mkaa, tungu, yenye tangawizi, tukainywa kwa vikombe visivyo na mkono pamoja na kashata au halua. Waitalia wao walikuwa na haraka. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa Torino alipata hataza ya mtambo wa kutengeneza kahawa kwa mvuke, na mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akapata yake, ya mtambo wa kumtengenezea kila mteja kikombe chake.

Mitambo hiyo ya mwanzo ilisukuma maji kwa presha ya mvuke wenyewe, na kahawa ikatoka na ladha ya kuungua. Aliyeleta mageuzi ni Achille Gaggia, naye wa Milano, aliyepata hataza mwaka 1938 na, baada ya vita, mwaka 1948, akatoa mitambo ya mkono na springi. Mhudumu huvuta mkono chini, springi ikajikunja, na anapouachia, springi huyasukuma maji yapite katika kahawa iliyosagwa kwa presha inayofika karibu mara tisa ya ile ya hewa tunayovuta. Boila yenyewe haihitaji presha hiyo kubwa. Kazi yake ni kuyaweka maji katika moto na kutoa mvuke wa kuchemshia maziwa, kwa presha ya kama moja au moja na nusu. Mtambo wa mpwa wangu ni wa ukoo huo.

Na Kibwezi nayo si mgeni wa kahawa. Wamisionari wa Kiskochi walipiga kambi pale mwaka 1891, kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898, na katika miaka hiyo ya 1890 walipanda mibuni pale pale Kibwezi, wakati mapadre wa Kifaransa wakipanda yao Bura, katika nchi ya Taita. Hiyo ni katika mibuni ya kwanza kabisa ya nchi hii. Leo kahawa ya Makueni hulimwa katika vilima vya baridi vya Mbooni na Kilungu. Basi binti yetu hakuwa amepeleka jambo geni mahali pageni.

Tuliupakia mtambo katika pikapu, tukashika barabara ya Kibwezi kwenda Kitui, ambayo imetiwa lami miaka hii ya karibuni. Ukivuka mto Athi unaingia Ikutha, kisha Mutomo, kisha Ikanga, hata unafika mjini Kitui. Ni njia ya kufundisha habari za maji. Mito mingi huko ni mito ya mchanga: ukitazama juu huoni tone, ukichimba unakuta maji. Wakamba wamejenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta za mawe zinazokatiza mto ili mchanga ujae na kuyaficha maji yasinyonywe na jua. Pasipo mabwawa hayo watu hutegemea visima vya kutobolewa kwa mashine, na vingi kati ya hivyo ni vya maji ya chumvi au maji magumu, yale ambayo sabuni huyasugua hata ikachoka bila ya kutoa povu. Upande wa Mutomo na Kanziku ardhi yenyewe ina mawe ya chokaa.

Fundi wetu ni mzee wa miaka sabini na ushei. Alijifunza kazi ya boila akiwa kijana katika reli, siku za mwisho za injini za mvuke, zile kubwa za aina ya Garratt ambazo moja yake, iliyopewa jina la Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Nilipomwonyesha mtambo alicheka.

"Mwalimu," akasema, "umeniletea garimoshi la mtoto."

"Lina matumaini, Mzee?"

"Boila haiuawi na miaka. Inauawa na mtu asiyeifungua."

Hakuwasha kitu. Alihakikisha kwanza kuwa hakuna umeme wala presha iliyobaki ndani, akaukausha mtambo maji yote, kisha akamwamuru mjukuu wake aupige picha kila upande kabla ya kugusa spana, ili kila bomba lirudi mahali pake. Sehemu za mikono aliziendea kwa adabu kubwa. Springi iliyomo imekunjwa kwa nguvu nyingi, na anayeifungua bila ya kifaa cha kuishikilia anaweza kuvunjwa mkono au uso. Gasketi za zamani nazo alizilowesha maji kabla ya kuzitoa, wala hakuzikwangua zikiwa kavu. Mitambo ya umri ule huenda ikawa na gasketi za asbesto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni halina tiba.

Boila ilipofunguliwa tuliona kilichomziba kinywa mgonjwa. Ndani hamkuwa na shaba bali pango. Ukoko ulikuwa umeifunika koili ya umeme hata haikuonekana, na katika mabomba membamba tundu iliyobaki isingepitisha njiti ya kiberiti. Fundi akavunja kipande, akakiweka juu ya bati, akakikamulia ndimu. Kikatoa mapovu.

"Chokaa," akasema. "Kingekuwa chumvi kisingechemka hivi."

Elimu yake ni hii, nami naieleza kwa urahisi wake. Mvua inapoanguka na kupenya udongoni hubeba hewa ile ile ya kaboni tunayoitoa tunapopumua, na kwa hiyo maji huwa na ukali mdogo. Ukali huo huyeyusha chokaa ya ardhini, na maji yakaendelea kuonekana meupe safi, hali yamebeba jiwe. Yakifika motoni ile hewa hukimbia, na chokaa isiyokuwa na wa kuishikilia hurudi kuwa jiwe. Hushika pale palipo na moto zaidi, yaani juu ya koili. Ukoko haupitishi moto vizuri, basi koili huzidi kujichoma ndani ya blanketi lake hata ikakatika. Mafundi wa reli waliijua shida hii kabla ya wauza kahawa. Injini za mvuke zilikuwa zikizimwa na kuoshwa boila kwa ratiba, kwani ukoko juu ya chuma cha moto ni mwanzo wa msiba.

Kikubwa zaidi alichokitazama ni vali ya usalama. Hii ndiyo inayofunguka yenyewe presha ikizidi. Ilikuwa imeganda kwa chokaa hata kwa nyundo haikutikisika. Fundi hakuiosha akairudisha, bali aliitupa, akaagiza mpya ya kipimo kile kile. Alimgeukia mpwa wangu akamwambia: "Mama, kama mtambo huu ungezibuka njia ya moto peke yake na vali hii ikabaki hivi, ungekuwa umeweka bomu nyuma ya kaunta." Binti yetu hakujibu neno. Watoto wake wawili hufanyia kazi zao za shule nyuma ya kaunta hiyo.

Watu wengi wangeuchukua mtambo mzima, wakatia dawa ndani na kuuwasha. Fundi alikataa. Ukoko mwingi ukilegezwa kwa pamoja haumumunyuki wote, bali hubanduka mapande na kwenda kuziba mabomba membamba kuliko mwanzo. Kwanza alitoa kwa mkono, kwa kijiti cha mti, kile kilichokubali kutoka, wala hakutumia chuma juu ya shaba. Halafu akachukua maji ya mvua yenye uvuguvugu, akatia asidi ya sitriki, ile ile iliyomo katika ndimu, ambayo huuzwa ikiwa unga, kama gramu 20 hadi 30 kwa kila lita, akavitumbukiza vyombo humo. Mapovu yakapanda. Yalipokoma aliyamwaga maji na kutia mengine mapya. Boila ilihitaji kuogeshwa mara nne.

Bibi zetu hawakuwa na unga huo, lakini hawakuwa wajinga. Walisugua madele na sinia za shaba kwa ukwaju au ndimu na mchanga laini au majivu, kwa hikima iyo hiyo ya ukali kuondoa ukoko na kutu. Siki pia hufanya kazi, ila harufu yake hukawia kutoka. Lakini kila dawa ina kiasi. Shaba ya manjano ikilazwa muda mrefu katika ukali hugeuka wekundu wa waridi, ishara kuwa madini yake mengine yanaliwa. Vyombo vya alumini ndivyo visivyostahimili kabisa. Na mtu asichanganye asidi yoyote na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, maana moshi unaotoka ni sumu ya kuua.

Ukoko ulipokwisha, shaba nyekundu ikatoka iking'aa, nasi tukafurahi mapema. Karibu na mshono wa chini palikuwa na vishimo, na kimoja kilikuwa kimekaribia kutoboka. Hapo mambo yalisimama siku mbili. Boila mpya ya namna ile haipatikani dukani, na mpwa wangu aliyesikia habari hiyo alianza kuuliza tena namba ya yule mnunuzi wa vyuma. Fundi alimwomba subira. Akapausafisha mahali pale, akapaziba kwa kuunga kwa fedha, waya usiokuwa na risasi wala kadimiamu kwa kuwa humo hupita maji ya kunywa. Kisha akaijaza boila maji baridi hadi hewa yote itoke, akaisukumia presha kuzidi ile ya kazi yake, akaiacha. Hutumia maji, hatumii hewa wala mvuke, kwa sababu maji yakipata ufa hutoka yakadondoka, na hewa iliyobanwa ikipata ufa hulipuka. Tulikaa tukiitazama sindano ya geji kama watu wanaotazama mwezi wa mfungo. Haikushuka.

Mtambo ulirudi Kibwezi ukiwa na gasketi mpya, koili mpya, vali mpya na springi zile zile za zamani. Lakini kabla ya kupakiwa, fundi alimuuliza binti yetu swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiri: "Utaunywesha maji gani?"

Hili ndilo neno kubwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike. Kuondoa ukoko ni kazi ya siku chache, na asiyebadilisha maji ameufungulia ukoko ule ule mlango wa kurudi. Walioutumia mtambo kule Malindi waliunywesha maji magumu miaka mingi. Mwambao wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vyake huchota humo humo katika chokaa. Lau ungeunganishwa Kibwezi na kisima cha kutobolewa, ungekuwa umehama kutoka chokaa hadi chokaa, au kutoka chokaa hadi chumvi, ambayo asidi haiiondoi na ambayo huitafuna shaba.

Wala msomaji asidhani kuwa maji magumu humdhuru anayeyanywa. Chokaa iliyomo si sumu kwa mwili wa mwanadamu. Madhara yake ni kwa boila, mabirika na sabuni. Mpwa wangu sasa anakinga maji ya mvua kutoka katika paa la mabati hadi kwenye tangi, anayachuja, na kuyachanganya na kiasi kidogo cha maji ya chemchemi. Hakuambiwa atumie ya mvua matupu, kwa sababu maji yasiyo na madini kabisa hutoa kahawa iliyopooza ladha, na baada ya muda nayo huanza kuila shaba. Kila mwezi huchemsha kijiko cha maji hayo juu ya moto hadi yakauke, akatazama weupe unaobaki. Ukizidi, anapunguza maji ya ardhini. Kipimo hicho hakina gharama, na kila mwenye birika anaweza kukifanya leo.

Nimeinywa kahawa ya mtambo ule. Ni kali, ina povu zuri, na haina harufu ya kutu. Mimi ni mtu wa dele na tangawizi na sitabadilika, lakini nilishuhudia abiria wa basi wakisimama foleni, na mpwa wangu akivuta mkono ule kwa imani, akijua ndani ya boila mna nini.

Mashine nyingi za siku hizi huundwa zikiwa zimefungwa kwa namna ambayo fundi hawezi kuzifungua. Zikiugua hutupwa. Mtambo huu mkongwe uliokolewa na mambo mawili: uliundwa ili ufunguliwe, na palikuwa na mzee mjini Kitui aliyejua kuufungua. La kwanza hatuna uwezo nalo sana. La pili tunalo, maadamu vijana wanakaa karibu na wazee hao kama yule mjukuu mwenye picha zake. Fundi akenda na elimu yake, shaba yote ya mwambao na bara itakwisha kwa wapima kilo.

Basi, ndugu msomaji, leo usiku funua kifuniko cha birika lako, utie kidole ndani. Nami nakuachia ubeti huu, niliouandika njiani Mutomo:

Maji yana siri zake, hayasemi kwa mdomo,
Huacha weupe wake, ukaganda humo humo,
Chombo kina haki yake, kuoshwa pasi kikomo,
Ajizi nyumba ya njaa, ukoko ndio mwanawe.